Tanuri la Walburga

Mpitimbi,
12 Mei 1996

Mjukuu wangu Kasiana,

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka 1974. Bibi yako Walburga amezikwa bila kulijua. Mama yako halijui. Mapadri walioniungamisha tangu wakati ule hawajalisikia. Linahusu tanuri lake la mikate. Nitakuambia kabla sijafa, na kwa jinsi miguu yangu ilivyovimba, siku hiyo haiko mbali. Leo sitaweza, kwa hiyo usiniulize. Nimeandika haya hapa juu ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Nimefundisha muda mrefu, najua kwamba mtoto akishaandika jina lake kwenye karatasi ya mtihani hawezi tena kusema hakuwepo.

Sasa nijibu swali lako. Unauliza kama uache ukarani wa shirika ukaanze kuoka na kuuza mikate yako mwenyewe hapo Lizaboni. Unasema shirika linapunguza watu. Anayejaza fomu ya kuondoka kwa hiari kabla ya tarehe 28 Juni anaondoka na kiinua mgongo chake, na asiyejaza anakaa akisubiri orodha ibandikwe ukutani. Unasema mumeo Fulgence amekubali. Unasema kinachokuzuia ni mkono wa bibi yako.

Ungeniuliza miaka ishirini iliyopita ningekujibu kwa sentensi moja: kaa ofisini. Ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu. Leo nakuambia jaza fomu. Una miaka thelathini na mmoja, una afya, na tangu utoto hukuwahi kukanda unga ukakukatalia. Tena mkate mnaokula hapo mjini unakuja na basi kutoka Njombe kama abiria, na unashuka umechoka kama abiria. Anayeoka asubuhi na kuuza asubuhi hiyo hiyo hatakosa watu.

Habari za mkono wa bibi yako niachie mimi.

Babu yako,
Makarius Luambano


Lizaboni, Songea,
19 Mei 1996

Babu mpendwa,

Shikamoo. Unaniandikia kwamba una siri, halafu unaniambia nisiulize. Hiyo si barua, ni uchokozi. Haya, siulizi.

Nakueleza tulipofika. Tanuri limeanza kujengwa nyuma ya nyumba. Mwashi ni Mzee Alfani, mtu wa Tunduru. Tumegombana naye siku nzima. Yeye anataka saruji, mimi nataka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu, kama la bibi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimejenga misikiti miwili, wewe unanifundisha udongo?" Nikamwambia, "Misikitini hakuokwi mikate, mzee wangu." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ananiita bosi.

Fulgence hana neno. Huko sekondari anakofundisha walimu wenzake wameshampa jina, wanamwita Mwalimu Boflo. Anakuja nyumbani ananisimulia, tunacheka wote.

Lakini Babu, fomu bado iko kwenye droo. Nilikuwa na miaka tisa siku ile na ninaikumbuka kama jana. Tulitoka misa ya pili, bibi na mimi, vikapu vitupu kichwani, mikate yote imenunuliwa mlangoni pa kanisa. Tukakuta tanuri limepasuka kutoka juu mpaka chini. Bibi alikaa chini akiwa na kanga yake ya Jumapili. Akaingiza kidole kwenye ufa, akawa anakipitisha taratibu, anasema, "Ni mkono wangu. Sikuusubiri udongo." Wewe ulisimama mlangoni ukamweleza kwa nini udongo usiokauka hupasuka, hatua kwa hatua, kama uko darasani. Hakuoka tena. Na mimi ndiye ambaye kila mtu tangu utotoni ananiambia nimechukua mikono yake.

Ndiyo maana naogopa. Nikiacha kazi na tanuri likipasuka, sina pa kurudi.

Mjukuu wako,
Kasiana


Namtumbo,
27 Mei 1996

Kasiana mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Naandika macho yakiniwasha, tumbaku iko kwenye bani la kuikaushia na moshi wake unaujua.

Nimesikia habari zako kwa watu, wewe mwenyewe hukuniambia. Umekaa kwenye kiti, kivulini, mwisho wa mwezi unasaini. Unataka kuacha hayo ukapigane na moto? Moto sisi hautupendi. Mama yangu aliishi miaka kumi na tisa baada ya tanuri lake kupasuka, na hakugusa unga mpaka tulipomzika. Kwenye harusi wakimwita akakande maandazi alikuwa anasema, "Nipeni viazi nimenye, mkono wangu unaharibu." Mbele ya watu, bila aibu, kama anayesema ana kikohozi. Mimi mwenyewe hapa kila mwaka moto wa kwanza wa bani anawasha baba yako. Mimi siwashi.

Muulize babu yako. Yeye ni msomi, na aliliona.

Mama yako,
Severina


Mpitimbi,
4 Juni 1996

Mjukuu wangu,

Barua hii anaiandika katekista Polikarp, kwa kuwa mkono wangu unatetemeka. Anaandika kila ninachosema, hata hiki.

Barua ya mama yako uliyonitumia nimesomewa mara mbili. Severina anasema kweli kama alivyoambiwa. Yaliyobaki yanataka mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo subiri.

Kuhusu tanuri, lifunike kivuli, liache likauke siku kumi na mbili tangu siku lilipokamilika, usiharakishwe na mtu. Moto wa kwanza uwe wa magunzi, mdogo, wa kuchemsha uji wa mtoto. Siku ya pili uongeze kidogo, ya tatu kidogo tena. Nyufa nyembamba zitatokea. Hizo ni kawaida, utazikandika kwa udongo laini na majivu. Haya yote nimeyajua kwa kumtazama bibi yako akifanya kazi, wala si vitabuni. Yeye alijua udongo kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki.

Hamira ya dukani ni nzuri, lakini yeye alichachusha unga kwa ulanzi. Jaribu. (Polikarp ameacha kuandika, anauliza kama mikate ile aliyokuwa anakula akitoka misa ilikuwa na pombe. Nimemwambia ndiyo, na kwamba hakuwahi kuacha hata kipande.)

Kuuza hakuna elimu kubwa. Usimsifie mtu mkate wako. Mkatie kipande kingali cha moto, unyamaze.

Usije kuniona kwa sasa. Nikikutazama usoni sitasema ninachotakiwa kusema.

Babu yako,
Makarius

Mimi Polikarp naongeza mwenyewe, Mzee hajui. Juzi alianguka akienda kuota jua. Anakula vijiko viwili vitatu tu. Akisinzia anamwita marehemu na kumwambia asubiri kwanza, asiende kanisani. Sijui maana yake.


Lizaboni,
15 Juni 1996

Babu,

Shikamoo. Limepasuka.

Nilifuata kila ulichosema. Kivuli siku kumi na mbili, magunzi, moto mdogo. Jana ilikuwa siku ya tatu. Nilisikia tu "ta!" nikainama nikaona ufa kuanzia mdomoni mpaka karibu na kilele. Njiti ya kiberiti inapita. Mzee Alfani alikuja akautazama, akasema, "Bosi, huu ni unywele. Nitaukandika, usahau." Sikumsikia. Nilishtuka nimekaa chini na kidole changu kiko ndani ya ufa. Nimekaa vile vile kama yeye, Babu. Vile vile.

Sikukuambia kwamba fomu nilishaijaza tarehe 3. Nilitaka kukushangaza kwa mkate wa kwanza. Bwana utumishi anasema mtu anaweza kuiondoa mpaka tarehe 28. Jumatatu ya tarehe 24 naenda kuichukua. Nitakaa kwenye kiti changu nisubiri orodha kama wengine.

Nilidhani Fulgence atanikataza. Alisema tu, "Labda ni afadhali."

Usihuzunike. Ulinishauri vizuri. Ni mkono tu.

Kasiana


Mpitimbi,
18 Juni 1996

Kasiana,

Usiichukue fomu.

Naandika mwenyewe. Nimeanza alfajiri, na mpaka nimalize jua litakuwa limefika utosini. Uvumilie mwandiko. Polikarp atakuletea barua hii kwa baiskeli yake na nimemwapisha asiifungue.

Mkono wa bibi yako haukuwa na kasoro. Tanuri lile lilikuwa limekauka vizuri na lilikwisha kuoka kwa miezi sita, kila Jumamosi na kila Jumapili asubuhi. Halikupasuka kwa sababu ya udongo. Nililipasua mimi.

Jumapili ile mlipokwenda misa ya pili nilisema mguu unaniuma, nikabaki. Tanuri lilikuwa bado lina joto kali la mikate ya alfajiri. Bibi yako alikuwa amenichotea ndoo mbili za maji ya kuoga, akaziacha mlangoni, akasema nisiinue zote mbili kwa pamoja kwa sababu ya mguu. Nilizibeba mpaka kwenye tanuri. Nikamwaga ya kwanza ndani ya mdomo, ukatoka mvuke ukanipiga usoni. Nikamwaga ya pili. Lililia kama mti unaoanguka. Nilipofuta uso lilikuwa limefunguka kutoka juu mpaka chini. Nikatandaza majivu makavu juu ya tope. Nikavaa shati safi, nikasimama mlangoni kuwasubiri.

Somo nililompa ulilisikia. Lilikuwa somo sahihi kabisa, kila sentensi. Ndiyo sababu aliliamini. Yeye alikuwa anajua udongo, mimi nilikuwa nimesoma, na kati ya hayo mawili alichagua kuniamini mimi.

Unajua nyakati zile. Nilikuwa mwalimu mkuu na katibu wa tawi la chama. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na kipato cha pili, na biashara ya mke ilihesabika kuwa ya mume. Mimi ndiye niliyewasomea watu masharti hayo uwanjani. Nilijiona nasimama kwenye kiti kinachotikisika. Nikachagua kiti.

Ufa wako ni unywele, kama Alfani alivyosema. Mwache aukandike. Hukurithi mkono mbaya kwa mtu yeyote. Ulichorithi kwa bibi yako ni kazi, na kwangu mimi umerithi hofu niliyoitengeneza kwa ndoo mbili za maji. Hiyo ya pili itupe.

Makarius


Lizaboni,
29 Juni 1996

Babu,

Shikamoo. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kumwandikia mgonjwa nikiwa na hasira. Bado ninayo kidogo. Kila nikikanda naona vile viazi alivyokuwa anamenya harusini.

Tarehe 24 sikwenda ofisini kuchukua fomu. Jana muda ulikwisha, nimerudisha funguo za kabati, na karani mwenzangu ameniuliza kama sijapata kichaa. Nimemwambia aje Jumatatu anywe chai.

Mzee Alfani aliukandika ufa. Jumatano tukawasha moto mkubwa, na tanuri likanyamaza kama jiwe. Alhamisi nilioka mikate arobaini. Niliibeba mpaka kwenye vibanda vya chai karibu na stendi, nikakata kipande, nikanyamaza kama ulivyosema. Dereva mmoja wa lori akasema, "Mama, huu mkate una homa!" Akanunua mitatu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimebaki na kikapu kitupu. Watu wanauliza kesho nitakuja saa ngapi. Babu, nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Barua yako niliituma Namtumbo kwa mama. Hakujibu. Ijumaa akashuka kwenye basi mwenyewe, bila taarifa, bado ananuka moshi wa tumbaku. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri mpaka begani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akautoa, akautazama, akasema, "Nipe unga." Amekanda mpaka saa sita. Anakanda vizuri kuliko mimi, na ameanza kunisema kwamba nabonyeza kama napiga muhuri.

Nina mambo mawili, Babu, nami nataka ukweli.

La kwanza. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Tulisikia wote redioni, wewe ndiye uliyetueleza maana yake. Tangu siku hiyo kiongozi yeyote aliruhusiwa kufungua hata duka. Bibi alifariki 1993. Miaka miwili mlikaa wawili hapo Mpitimbi, hakuna chama cha kuogopa, hakuna kiti cha kupoteza. Mbona hukumwambia?

La pili ni Fulgence. Jina la Mwalimu Boflo halimchekeshi tena. Juzi mwanafunzi alilitamka nyuma yake mjini. Sasa anataka kibao cha biashara nilichoagiza kisiwe na jina langu. Anataka niache kupita stendi mwenyewe. Jana amesema kwa upole, kwa sababu yeye ni mpole, kwamba tungepumzisha tanuri mpaka mwakani, mambo yatulie. Anasema ni kwa ajili ya afya yangu. Ni mume mzuri, Babu. Nimwambie nini?

Mjukuu wako,
Kasiana


Mpitimbi,
6 Julai 1996

Kasiana,

Nitaandika kidogo. Pumzi haitoshi. Padri alikuja jana, ameshasikia yote. Sasa usikie wewe. Ukimaliza kusoma, usiikunje barua hii. Mpe Fulgence.

Umeuliza swali ambalo nilikuwa naomba usiulize. Umefanya vizuri.

Masharti yalikuwepo, hilo ni kweli. Lakini hakuna barua iliyokuja kutoka chamani. Hakuna mtu aliyeniita wala kuniuliza. Mwenyekiti wa kata mwenyewe alikuwa anamtuma mkewe kununua mikate ile, na kwenye mkutano alisema akina mama wa kijiji waende kwa Walburga wakajifunze, wafanye kwa ushirika. Bibi yako aliniangalia kutoka upande wa akina mama. Alikuwa anang'aa. Mimi nilikuwa nimekaa meza kuu, nikaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano kwa mkono wangu. Chama kingempa cheti. Ndiyo maana hata mwaka 1991 sikuweza kumwambia. Angeuliza kama ulivyouliza wewe, na sikuwa tena na chama cha kujifichia nyuma yake.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile nilikwenda mpaka yanaposimama malori, kupokea vitabu vya shule. Alikuwepo mgeni, mnunuzi wa mahindi, akauliza, "Yule mzee mwenye koti ni nani?" Aliyemjibu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma na kuandika. Kijiji hicho nilikuwa mwalimu wake kwa miaka kumi na minane. Hakusema mwalimu. Hakusema Makarius. Alisema, bila ubaya wowote, tena kwa heshima, "Huyo? Huyo ni mume wa Mama Mikate."

Mgeni akafurahi. Akaja kunishika mkono, akaniambia nina bahati.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mguu wangu haukuwa unauma.

Fulgence, sina cha kukufundisha zaidi ya hicho. Kibao kiandikwe jina la mkeo, kwa herufi kubwa.

Wako,
Makarius,
mume wa Mama Mikate